Mjomba, Wamemtangaza kwa Spika

Mjomba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini ulikuwa humsikilizi mtu mpaka akuamkie, na leo nataka unisikilize vizuri kwa sababu nimekuja kukugombeza. Ulipokuwa hai nisingethubutu. Mpwa atamgombezaje mjomba wake, tena sisi watu wa Masasi ambao mjomba ndiye baba na ndiye hakimu? Lakini wewe umelala zako, mimi ndiye niliyebaki na masufuria, na kuna jambo siwezi kumwambia mtu yeyote aliye hai.

Nianze na habari za jiko. Bado lipo uani kwetu, mtaa wa Gerezani, chini ya yale mabati uliyopigilia mwenyewe yakakaa upande. Bi Somoe bado ndiye mpishi, na bado anawafokea wapangaji wanaopita na ndoo karibu na moto wake. Chakula bado kinapelekwa hospitali mchana, kwa wale wagonjwa wanaoletwa kutoka kusini, Mtwara, Lindi, Tunduru huko, wakalazwa mjini ambako hawana hata shemeji wa kuwaletea uji. Ila hakiendi kila siku kama enzi zako. Tunapika leo, kesho tunaruka. Bibi mmoja wa Newala aliyelazwa na mguu aliniuliza kama Dar es Salaam ndiyo desturi watu kula siku mojamoja. Aliuliza kwa utani, akacheka na pengo lake. Mimi sikuweza kucheka. Nilikwenda kusimama koridoni nikajifanya napokea simu.

Na yote haya chanzo chake ni kule kupita kwako.

Ndivyo ulivyoita kazi yako, kupita. "Mimi siombi, napita tu." Asubuhi ukishakunywa chai ulitoka na kofia yako, mikono nyuma, ukaingia Kariakoo kama mkaguzi. Ulisimama kwa Mama Neema wa nyanya ukamuuliza kama mwanawe amepata leseni ya udereva. Ukakaa juu ya magunia dukani kwa Ami Nasri, ukanywa kahawa yake, mkabishana habari za mpira mpaka wateja wakaingilia. Ulifika na kwangu, kwenye kibanda changu cha vifungo na zipu, ukachukua vifungo vya shati bila kulipa, ukasema ni ushuru wa mjomba. Hukubeba kapu. Hukutaja jiko. Halafu mchana unafika mkokoteni uani, umebeba gunia la mchele, na anayeusukuma hasemi umetoka wapi. Siku moja nilikuuliza. Ukaniambia, "Unatoka kwenye gunia. Kula."

Nilicheka siku ile. Sasa hivi nikikumbuka natamani kukurushia mwiko.

Kwa sababu ulikufa, Mjomba. Presha ikakuchukua asubuhi moja na kofia kichwani, ukiwa unatafuta viatu. Msibani watani wakakuigiza unavyopita sokoni, mikono nyuma, kidevu juu, watu wakacheka huku wanalia. Tukakuzika. Tulipotoka makaburini ndipo nikatambua kwamba tumezika na soko zima. Nani alikuwa anatoa nini, kwa nini anatoa, nani haongeleki Ijumaa, nani amegombana na nani, vyote vilikuwa kichwani mwako na umekwenda navyo. Kamati ya jiko ikakaa uani tukatazamana. Bi Somoe akasema, "Haya, sasa nani atapita?" Hakuna aliyejua unapitaje.

Uongozi tukampa Fredi, mpangaji wa chumba cha mbele, yule uliyemwita Mheshimiwa kwa ajili ya viatu vyake vilivyochongoka. Usianze kuguna. Fredi ni kijana mzuri. Hotipoti za wodini anazibeba mwenyewe, na lile jiko kubwa la kuni ni yeye aliyelihangaikia. Akaalikwa semina huko Posta, ya vikundi vidogo kama sisi, namna ya kuishi na watu wanaotuchangia. Akarudi macho yanawaka. Akatuambia wamefundishwa kwamba mchangiaji si kisima cha kuchota, ni mtu. Anataka kujulikana. Anataka kushukuriwa, aone na yeye ni wa nyumbani. Nilimsikiliza nikajisemea, haya si ndiyo aliyokuwa akifanya Mjomba? Sikuwa na la kupinga. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Angekuja na upuuzi ningempinga, lakini kila alichosema kilikuwa kweli.

Basi Fredi akaamua tufanye siku ya shukrani. Lakini umshukuru nani? Akamkamata yule msukuma mkokoteni, ambaye bado alikuwa akileta gunia kila mwezi, akamnunulia soda, akamuuliza mchele anaupakilia wapi. Yule naye akasema. Fredi akaja kwetu anaruka kwa furaha. "Dada Zai, nimempata mtu mwenyewe! Ni Ami Nasri! Mzee kiroho safi namna hii na hajawahi kusemwa popote. Lazima tumpe maua yake." Na sisi sote tukafurahi naye, Mjomba, kwa sababu tulimwona mzee wa watu amesahauliwa. Nikasema labda ndiyo heshima uliyokuwa umechelewa kumpa.

Wakatengeneza bango. Picha wakaitoa kwenye simu, ya harusi ya mpwa wake, Ami Nasri amevaa kanzu na joho anacheka, na chini yake maandishi makubwa mekundu: BABA WA WAGONJWA. Tukaweka turubai Mnazi Mmoja, tukaweka viti na spika. Kadi ya mwaliko ilipelekwa dukani, akaipokea kijana wa mauzo. Siku ilipofika Ami Nasri hakuonekana. Fredi akaita jina lake kwenye maiki, akaita tena, wapita njia wanageuka, watoto wanapiga makofi. Hakuja mtu. Mimi nilidhani ana wateja.

Fredi hakukata tamaa. Akasema kama mzee hawezi kuja kwenye shukrani, shukrani zitamfuata. Kesho yake akakodi kigari cha matangazo, kirikuu. Wakafunga bango ubavuni, wakafungulia spika, wakaingia Kariakoo saa za biashara. Nilikuwa kibandani kwangu nikasikia jina la Ami Nasri linapita juu ya vichwa vya watu, anayetoa mchele kila mwezi, anayelisha wodi nzima, tajiri asiye na makuu, mfano wa kuigwa. Kirikuu ikasimama mbele ya duka lake. Ikasimama, Mjomba. Na muziki. Wapagazi wakaweka mizigo chini wakapiga miluzi. Nilitoka mbio mpaka pale, nikaingiza kichwa dukani nikamwona Ami Nasri nyuma ya mizani, hakutazama nje hata mara moja. Alikuwa anampimia mama mmoja mchele, na mkono wake ulikuwa unamwaga pembeni.

Mwezi ule mkokoteni haukuja. Wala uliofuata.

Hakugomba. Hakutuma mtu. Ndiyo sababu tukachelewa kuelewa. Fredi alidhani mzee amesafiri. Wakati huo Ijumaa mlangoni kwake pamejaa watu wamekaa wanasubiri baba wa wagonjwa awape na wao, na ndugu zake wanampigia simu kutoka huku na huku wanamuuliza kama analisha wodi nzima kwa nini ada za watoto wao ni shida. Haya niliyasikia sokoni, si kwake.

Na kana kwamba hilo halitoshi, nyanya nazo zikakoma. Nikaenda kwa Mama Neema nikakuta amenuna, anapanga mafungu yake bila kuniangalia. Nikamuuliza kulikoni. Akalipuka. "Miaka yote nyanya zangu zinaliwa kimyakimya, mchele ndio una jina? Gari limepita hapa, limenirushia vumbi kwenye nyanya zangu, linamtaja Ami Nasri! Mimi hata herufi moja hamna? Mjomba wenu kila akipita alikuwa anasema mbele ya watu wote, huyu ndiye Mama Neema bila yeye mchuzi mweupe. Sasa kafa, nimekuwa si mtu."

Mmoja tumemuumiza kwa kumtaja, mwingine tumemuumiza kwa kutomtaja. Na wewe ulilijua hilo, ulikuwa unalivaa kama kofia yako, hukumwambia mtu. Kwa Mama Neema ulipaza sauti, kwa Ami Nasri ulikaa kimya. Kwani ungekufa kama ungenitonya? Nisamehe, nimeandika vibaya, lakini sifuti.

Nikaanza kwenda kwa Ami Nasri mwenyewe. Nilikwenda kuomba radhi, nimejipanga na maneno yangu. Akanikaribisha, "Karibu binti, kaa," akaniagizia kahawa na kashata, akaniuliza habari za mama yangu Masasi na bei ya zipu. Kila nikitaka kuanza, anaingia mteja au anageukia redio. Nikaondoka sijasema. Nikarudi tena. Nikarudi na siku nyingine. Nikawa napita kama wewe, Mjomba, tena kwa hasira, maana nilikuwa nikitoka pale naenda kumwambia Bi Somoe kwamba leo nimekunywa kahawa tu, naye ananiuliza kama kahawa inasongwa ugali.

Siku moja mvua ilinyesha, Kariakoo ikajaa maji, wateja hakuna. Akazima redio mwenyewe. Akasema, "Mjomba wako hajawahi kuniambia asante. Miaka yote. Ndiyo maana nilimpenda."

Halafu akasema haya, nami nayaandika kama nilivyoyasikia. "Binti, mimi ni mfanyabiashara. Salamu yangu biashara, cheko langu biashara, hata harusi za watoto wangu zilikuwa biashara. Nilikuwa na jambo moja tu kati yangu na Mola wangu. Moja tu. Mke wangu hakulijua. Mmelichukua mmelipigia muziki."

Nililia, sina haja ya kukuficha. Nilikuwa nimekwenda kumdai mchele moyoni, hata kama mdomoni nasema radhi, kumbe ni sisi tuliomnyang'anya. Na kitu chenyewe hakirudishiki. Bango unaweza kulishusha, tulishalishusha, Bi Somoe analitandika kuanikia dagaa kwa upande wa nyuma. Lakini utawaambiaje watu wasijue walichokwisha kujua?

Nikamwambia wale wagonjwa hawana habari ya bango, wao wanajua njaa tu. Nilisema kwa ukali kidogo. Akaniambia, "Najua. Ndiyo inayoniuma." Kisha akaniomba. Alisema jiko letu sasa lina picha yake, akileta mchele pale anajinunulia sifa, nafsi yake inamwambia hivyo kila akigusa gunia. Akaniomba nimtafutie pengine. Mahali ambapo hawamjui na hawatamjua. Mchele niupeleke mimi, nisimwambie mtu, wala yule kijana wa spika, wala mpishi, wala mama yangu.

Ningefanyaje? Niambie, wewe uliyekuwa na majibu ya kila kitu. Jiko letu linaruka siku, na mimi nakabidhiwa mchele wetu wenyewe niupeleke kwa wengine. Nilitaka kukataa. Nilimtazama, mzee mzima ameinamisha kichwa mbele ya muuza vifungo, nikaona nikikataa nitakuwa nimemfungia na mlango wa mwisho. Nikakubali.

Guta la magurudumu matatu likaja asubuhi kupakia. Dereva kijana tu, simjui, hanijui. Akafunga kamba, akapanda, akaniuliza, "Sista, tunaenda wapi?" Mjomba, kutoka pale mpaka uani kwetu ni karibu, ningeweza kulisukuma lile guta kwa mikono yangu. Ningemwambia Bi Somoe mchele umetoka kwa mtu mwingine kabisa. Ami Nasri asingejua. Siku ile ilikuwa siku ya kuruka, wodini hakuna kitu kinachokwenda. Dereva akauliza tena, "Sista vipi, tunaenda ama hatuendi?" Nikasema Buguruni. Nilikaa juu ya yale magunia njia nzima nimekasirika, nimemkasirikia Ami na Mola wake, nimemkasirikia Fredi, nimekukasirikia wewe kuliko wote. Ni upande wa Buguruni, zaidi ya hapo siandiki hata kwako. Waliopokea waliniuliza umetoka wapi. Nikawaambia umetoka kwenye gunia.

Tangu hapo kila mwezi nakwenda. Na kila siku nikirudi uani namkuta Bi Somoe anamlaani Ami Nasri. Anasema roho ya kutu, anasema alikuwa anatoa kwa kukuogopa wewe, umekufa na imani yake imekufa. Wapangaji wanaitikia. Fredi naye, ambaye hana hata roho mbaya, ameandika kwenye grupu kwamba mzee kapewa heshima akaitupa. Mimi nipo pale nachambua mboga. Jibu linanijaa kinywani na siwezi kulitema. Hujawahi kuniambia kwamba kazi hii ina sehemu hii, ya kukaa kimya mtu mwema anatukanwa. Wewe ulikaa nayo miaka mingapi? Wangapi wengine ulisikia wanatukanwa ukatazama pembeni?

Ndiyo maana sasa naelewa kwa nini hukusema. Ulikuwa umefungwa mdomo. Lakini hasira yangu haijaisha, na nitakuambia iko wapi. Usingetaja jina la mtu, sawa. Ungenichukua tu. Ungesema, Zainabu, funga kibanda, leo tunapita wote. Ningekaa juu ya gunia pembeni yako, ningeona unavyonyamaza kwa huyu na unavyopayuka kwa yule, nisingehitaji kuambiwa. Hukutaka. Ulipenda uwe wewe peke yako mwenye ufunguo, watu wakuulize, uwajibu kwa mafumbo. Ulikuwa mchoyo wa watu, Mjomba. Kwa mchele ulikuwa mkarimu, kwa watu ulikuwa mchoyo.

Basi, nimelisema, nahema vizuri kidogo.

Sasa nikupe na zuri. Nilimwambia Fredi habari ya Mama Neema, hiyo haikuwa siri. Akashika kichwa. Halafu akanishangaza. Akaenda kukodi kirikuu ileile na spika zilezile, na bango jipya lenye Mama Neema na fungu la nyanya, wakaingia nayo sokoni. Nilifumba macho. Nilipofumbua, Mama Neema alikuwa amepanda juu ya kreti anacheza, kitenge kimemfunguka, anawaambia wateja, "Mmesikia? Mmesikia lakini?" Nyanya zilirudi siku hiyohiyo na vitunguu juu. Kwa hiyo spika haikuwa na kosa, ila ilimwendea mtu asiyeitaka.

Na mimi sipiti peke yangu. Asubuhi namchukua Fredi. Namnyang'anya simu naitia kwenye pochi yangu, tunakwenda kukaa kwa watu. Anateseka, Mjomba. Mguu wake hautulii, kila baada ya dakika anataka kuwaeleza watu malengo yetu. Siku ya kwanza tulipotoka kwa muuza mafuta aliniuliza, "Sasa hapa dada kwenye ripoti naandika nini?" Nikamwambia aandike tumekunywa kahawa na mzee ana mjukuu mpya. Aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Lakini wiki iliyopita alimuuliza yule mzee jina la mjukuu, kwa hiari yake, na mzee akamjibu kwa nusu saa. Mafuta hayajaja. Sijui kama yatakuja. Sijui hata kama mwezi ujao tutapika siku zote hizo tunazopika sasa, na hilo linanikosesha raha kila nikiona sufuria kubwa limegeuzwa chini.

Barua hii ina jina lake, kwa hiyo haiwezi kubaki. Nimeileta hapa makaburini nikusomee kwa sauti ya chini, kuna watu wanazika upande wa pili. Nikimaliza nitaichana, na vipande nitaondoka navyo, sitakuachia.

Nakuahidi haya. Chakula cha wodini kitarudi kila siku, hata kama itabidi nipite Kariakoo nzima mpaka nijue ugonjwa wa kila mjukuu. Siku nikija huko uliko, hakuna atakayebaki akiuliza nani atapita, maana nitakuwa nimepita nao. Na lile moja nitakufa nalo kama wewe.

Lala salama, Mjomba wangu. Nimekugombeza kwa sababu nimekukosa. Sasa naenda, leo ni siku ya kupika. Bi Somoe atamtukana tena akianza kuosha mchele wa kununua, nami nitanyamaza nichochee moto.

Mpwa wako,
Zainabu